Kabla ya Woodstock Kulikuwa na Abeokuta: Historia ya Fulana ya Kufunga na Kutia Rangi

Watu wengi wakiona fulana yenye duara la rangi linalojizungusha kutoka kifuani hadi mabegani, hukumbuka Marekani ya mwaka 1969: vijana wenye nywele ndefu, magitaa, na tamasha la Woodstock lililofanyika Agosti mwaka huo kwenye shamba la ng'ombe huko Bethel, jimbo la New York. Picha za tamasha lile zilizunguka dunia nzima, na pamoja nazo ikaenea imani kwamba ufundi wa kuifunga nguo kwa kamba na kuichovya kwenye rangi ulizaliwa pale. Haukuzaliwa pale. Siku umati ule unacheza matopeni, kina mama wa Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria, walikuwa wamekwisha kuufanyia biashara kubwa ufundi huo, wamegombana na mfalme wao kwa ajili yake, na wameurithisha kwa mabinti na wajukuu.

Naiandika historia hii kwa ajili ya yule anayetaka kutia rangi fulana yake nyumbani kwa mara ya kwanza. Fundo atakalolifunga, unga atakaoukoroga, hata zile saa za kusubiri kabla ya kuifungua nguo, vyote vina watu waliovihangaikia kabla yake, na wengi wao hawajapewa sifa wanayostahili.

Kufunga kwenyewe ni kukongwe, na hakuna taifa linaloweza kudai kuwa ndilo lililoanza. Katika ghala la hazina la Shosoin, mji wa Nara nchini Japani, vimehifadhiwa vitambaa vya karne ya 8 vilivyofungwa kwa uzi kabla ya kutiwa rangi. Watu wa Wari, walioishi milima ya Peru kabla ya mwaka 1000, walifunga vipande vidogo vya nguo, wakavitia rangi tofauti tofauti, kisha wakavishona pamoja vikawa vazi moja. Huko Gujarat na Rajasthan, India, mafundi wa bandhani hadi leo huchomoa nukta ya kitambaa kwa ukucha, wakaizungushia uzi, wakahamia nukta inayofuata, na nguo moja inaweza kubeba maelfu ya nukta hizo. Hao wote hawakuhitaji kufundishana. Mtu yeyote aliyewahi kuchovya nguo iliyokunjamana kwenye rangi ameona kwamba penye mkunjo rangi haifiki.

Sehemu ngumu siku zote imekuwa rangi yenyewe. Hapo ndipo Abeokuta inapoingia.

Mji huo uliasisiwa mwaka 1830 na Waegba, tawi la Wayoruba, waliokimbia vita na kupata hifadhi chini ya mwamba mkubwa wa Olumo. Wanawake wao walijua kutia nguo rangi ya nili. Walichuma majani machanga ya mti wanaouita elu, wakayatwanga, wakayafinyanga madonge na kuyakausha juani. Majivu yaliwekwa kwenye chungu chenye matundu chini, maji yakapitishwa taratibu, na maji hayo makali ndiyo yaliyoloweka yale madonge. Chungu kilifunikwa kikaachwa kichachuke kwa siku kadhaa. Mtia rangi alikijua chungu chake kwa harufu, kwa povu na kwa kuonja. Kikiharibika, jasho la juma zima limemwagika. Ndiyo maana kazi hii ilikuwa chini ya ulinzi wa Iya Mapo, mungu wa kike ambaye Wayoruba humhusisha na kazi za mikono za wanawake, ufinyanzi pamoja na utiaji rangi.

Nili ina tabia moja ambayo asiyeiona kwa macho yake hawezi kuiamini. Haiyeyuki kwenye maji. Ili iingie kwenye uzi lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji makali kama yale ya majivu, na ikifanyiwa hivyo inapoteza ubuluu wake. Nguo inapochomolewa chunguni inatoka na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, yenye sura ya kitu kilichoharibika. Kisha hewa inaigusa. Kijani kinaanza kukolea kingoni, kinasogea katikati, na mbele ya macho ya mtu nguo nzima inageuka buluu. Ikirudishwa chunguni na kutolewa tena, inakolea zaidi. Wanawake wa Abeokuta waliweza kuirudisha mara nyingi hadi buluu ikakaribia weusi. Nguo hizo ndizo adire.

Pwani ya Afrika Mashariki iliijua nili pia, ila kwa njia ya meli. Kaniki, ile nguo ya buluu nzito iliyovaliwa na wanawake wengi wa hali ya chini katika karne ya 19, ilikuwa pamba iliyotiwa nili India na kuletwa Unguja na Mombasa kwa majahazi. Sisi tuliipokea ikiwa tayari, na ikiwa ya rangi moja. Mafundo hayakuja nayo.

Abeokuta mafundo yalikuwapo, na kilichoyakuza ni kitambaa cha Ulaya. Mwanzoni wanawake walitia rangi pamba nzito iliyosokotwa na kufumwa nyumbani, mara nyingi kuifufua nguo iliyopauka. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, reli ilipofika kutoka Lagos, madukani kulijaa bafta nyeupe ya kiwandani, nyepesi na laini. Kitambaa chepesi kinashika fundo dogo. Wanawake waliipokea fursa hiyo kwa mikono miwili. Walifunga punje na vijiwe ndani ya bafta kwa nyuzi za majani ya mwale, wakapata mviringo mkubwa uliozungukwa na midogo. Wengine walishona mikunjo kwa sindano na kuivuta ikabana. Wengine waliuacha uzi kabisa, wakachora kwa unyoya uliochovywa kwenye uji mzito wa muhogo. Uji ukikauka unaizuia nili, na ukikwanguliwa baadaye mchoro unabaki mweupe. Mfalme George wa Tano wa Uingereza alipotimiza miaka 25 ya utawala mwaka 1935, picha yake na malkia ilitokea kwenye adire. Sherehe ya wakoloni iligeuka bidhaa sokoni, na faida ilibaki kwa mama wa Abeokuta.

Biashara ilikua kwa kasi. Wanunuzi walikuja kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Magharibi, na mtaa wa Itoku ukawa soko la adire, kama ulivyo hadi sasa. Mwanahistoria Judith Byfield, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wanawake hawa mwaka 2002, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyabiashara kamili: walikopa bafta kwa makampuni ya Kizungu, waliajiri, walichukua wanafunzi, walipanga bei. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi kazi ya mikono ya mwanamke wa Kiafrika huandikwa kana kwamba ilikuwa ya kupitisha muda.

Tangu katikati ya karne ya 19, mbali na hapo, wanakemia walikuwa wanaivamia rangi kwa njia nyingine. Mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 wa London, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao ulipoyeyushwa ulitoa zambarau kali, na hiyo ikawa rangi ya kwanza kubwa ya kutengenezwa maabara kuingia sokoni. Mjerumani Adolf von Baeyer aliishughulikia nili kwa miaka mingi hadi akaweza kuitengeneza, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Mashamba ya nili ya India, yaliyokuwa na historia ndefu ya dhuluma kwa wakulima, yalianza kufa.

Nili ya kopo ilifika Abeokuta ikiongozana na kostiki soda, na kwa kufika kwake ikazuka vurugu ambayo kwangu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika historia hii. Fikiria maana yake. Mwanamke aliyetumia miaka kujifunza tabia ya chungu alimwona jirani yake, asiyejua hata majani ya elu yanachumwa lini, akinunua kopo na kostiki, akikoroga, na kutoa nguo ya buluu jioni ile ile. Anayeanza alikuwa ameingia sokoni. Nguo nyingine zilizotoka kwa haraka hiyo zilichuja, na nyingine, kwa kostiki kupita kiasi, zilichanika mapema. Wanunuzi wakalalamika, na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ukazidi kubana.

Katika miaka ya 1930 utawala wa jadi chini ya Alake Ademola wa Pili, mfalme wa Waegba, ulipiga marufuku nili ya kiwandani na kostiki, kwa hoja ya kuokoa jina la adire. Wanawake wengi walikataa. Walisema kosa ni la wasiojua vipimo, wala si la dawa. Walisema pia kwamba mfalme hawezi kuwaamulia wanawake kitu cha kutia ndani ya vyungu vyao. Walipeleka malalamiko kwa serikali ya kikoloni, tume ya uchunguzi ikaundwa mwaka 1936, na mwishowe marufuku ikaondolewa. Miaka kumi na kitu baadaye wanawake wa soko wa mji huohuo, wakiongozwa na Funmilayo Ransome-Kuti, walimpinga Ademola kwa sababu ya kodi, naye akalazimika kukaa kando mwaka 1949.

Mimi nawaunga mkono wale waliokataa marufuku, lakini sitaki kuwabeza waliolilia chungu. Walikuwa na haki katika jambo moja: kemia inapunguza muda wa kujifunza rangi, haipunguzi muda wa kujifunza mkono. Kostiki na nili ya kopo vinampa anayeanza buluu kwa siku moja. Havimpi fundo.

Hatua ya mwisho ya kuileta kazi hii nyumbani ilitoka Manchester, Uingereza. Huko, kwenye kampuni ya ICI, Ian Rattee na William Stephen waligundua katikati ya miaka ya 1950 rangi zinazoungana na uzi wa pamba zenyewe kwa zenyewe, bila kuchemshwa. Rangi nyingine nyingi hukaa juu ya uzi au kujificha ndani yake. Hizi hushikamana nao kikemia zikawa kitu kimoja. Ziliingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Zinachohitaji ni maji ya kawaida na kitu cha kuyafanya yawe makali kiasi, na kitu hicho ni soda ashi.

Soda ashi si ngeni kwetu. Ziwa Magadi, katika Bonde la Ufa upande wa Kajiado nchini Kenya, limefunikwa na tabaka la magadi ambalo tangu 1911 kampuni imekuwa ikilichimba na kulisafisha kuwa soda ashi ya kuuza nje, kwa ajili ya vioo, sabuni na mengineyo. Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, ni ndugu wa karibu, ila hayajasafishwa na nguvu yake haitabiriki. Kwa kazi ya rangi ni bora kutafuta ile ya kiwandani wanayoitumia watengeneza sabuni.

Marekani ilikuja kuupokea ufundi huu kwa njia kadhaa. Kulikuwa na vitabu vya kazi za mikono vilivyoeleza mbinu za Asia tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kulikuwa na vijana wa Peace Corps, shirika lililoanzishwa 1961, waliokwenda kufanya kazi Afrika Magharibi na kurudi na nguo za huko. Na kulikuwa na biashara. Rangi ya kopo ya Rit ilikuwa inadorora madukani, na Don Price, mtu wa masoko wa kampuni hiyo, alikwenda kuwatafuta wasanii wa mtaa wa Greenwich Village, New York, waitumie kwa kufunga nguo. Will na Eileen Richardson, mume na mke waliokwisha kustaafu, waliichukua kazi hiyo kwa bidii hadi vitambaa vyao vikaingia kwa wabunifu wakubwa wa mavazi, na mwaka 1970 wakapewa tuzo ya Coty. Mwanamuziki John Sebastian alikuwa amepanda jukwaani Woodstock akiwa amevaa nguo za aina hiyo kuanzia juu hadi chini. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena ufundi ulitoka wapi.

Huku kwetu ulienea baadaye, nao umeingia chini ya jina la batiki, pamoja na ule wa kuchora kwa nta. Tanzania, vikundi vya kina mama wajasiriamali vimefundishwa batiki katika mafunzo ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, na kwenye semina zisizohesabika za ujasiriamali, kwa kawaida siku moja na sabuni ya maji. Rangi wanayoitumia wengi ni ya ukoo wa nili: inakorogwa kwenye maji ya moto na kostiki na haidrosalfaiti, na ile haidrosalfaiti inafanya kwa dakika chache kazi ya kunyang'anya oksijeni ambayo chungu cha Abeokuta kiliifanya kwa siku kadhaa. Ukimwona mama wa batiki anaanika kitambaa kwenye kamba ya uani na rangi inabadilika mikononi mwake, unaona tukio lilelile.

Kwa anayeanza, njia hiyo ya kostiki naona ingoje. Kostiki inaunguza ngozi na macho, na asiyejua anaweza kumimina maji juu yake ikamrukia, badala ya kuitia yenyewe kidogo kidogo kwenye maji. Njia ya soda ashi ni pole zaidi, ingawa nayo inataka glavu, na unga wa rangi usivutwe puani. Beseni na vijiko vya rangi visirudi jikoni.

Fulana iwe ya pamba tupu. Hili linawaangusha wengi, maana fulana nyingi za bei rahisi zina poliesta, na poliesta haishikani na rangi hizi hata kidogo. Zitatoka zimefifia na utamlaumu aliyekuuzia rangi bure. Soma lebo ya ndani ya shingo. Ifue kwanza, hata kama ni mpya, ili itoke wanga wa kiwandani. Iloweke kwenye soda ashi, kikombe kimoja kwa lita nne hivi za maji, kwa robo saa, kisha ikamue vizuri.

Fundo la duara ndilo la kuanzia. Tandaza fulana mezani, bana katikati ya kifua kwa vidole viwili, au kwa uma mkuukuu, zungusha polepole huku mkono mwingine ukizuia mikunjo isisimame. Mikunjo ikilala sawa ndipo duara linapotoka safi. Ikipandana, utapata madoa. Ikishakuwa kama mkate wa duara, ikaze kwa rababendi tatu zinazokutana katikati, na hapo utakuwa na vipande sita vya kutia rangi. Rangi iingie hadi kwenye mikunjo ya ndani, na fulana igeuzwe itiwe na upande wa pili. Anayeanza huogopa kumwaga rangi, akaifungua kesho yake akakuta weupe mwingi kuliko alivyotaka. Tena rangi zinazopingana, kama nyekundu na kijani, zisikae jirani, kwa sababu zinapokutana zinazaa kahawia. Rangi mbili zinatosha kwa fulana ya kwanza. Buluu peke yake inatosha pia, na Abeokuta iliishi kwa buluu peke yake kwa miaka mingi.

Kisha ifunge kwenye nailoni isikauke, uiache usiku mzima na mchana wake. Muungano wa rangi na uzi unakwenda taratibu na unahitaji unyevu na joto. Dar es Salaam au Mombasa joto lipo bila kulitafuta, lakini Arusha au Limuru mwezi wa Julai ni heri kuiongezea saa. Rangi iliyobaki kwenye chupa, hasa kama imechanganywa na soda, haifai kutunzwa, kwani inaendelea kuungana na maji yenyewe na nguvu yake inaisha. Kesho yake isuuze kwa maji baridi ikiwa bado imefungwa, ifungue, endelea kusuuza hadi maji yatoke meupe, ndipo uifue kwa maji ya moto na sabuni, peke yake.

Nigeria yenyewe adire ilipitia miaka ya kusahaulika, na waliofanya iendelee ni mafundi kama Nike Davies-Okundaye, aliyezaliwa 1951, ambaye alianza kujifunza kazi za mikono akiwa mtoto kwa wanawake wa ukoo wake, akafungua kituo cha sanaa Osogbo katika miaka ya 1980, na amewafundisha vijana wengi bila malipo. Shida inayowakabili mafundi wa Itoku sasa ni nguo zilizochapwa kwa mashine kwenye viwanda vya ng'ambo kwa michoro ya adire, zinazouzwa kwa bei ambayo mkono hauwezi kuishindania. Soko la batiki la Afrika Mashariki nalo lina nguo za namna hiyo, na fulana za duara za kuchapwa zimejaa kila mahali.

Kuitambua ya mkono ni rahisi. Igeuze ndani nje. Iliyochapwa ina upande wa mbele uliokoza na upande wa nyuma uliopauka, na duara lake linafanana kabisa na la fulana iliyotundikwa pembeni yake. Iliyofungwa kwa mkono rangi imepenya pande zote mbili, mistari yake inayumba pale kidole kilipoachia, na ukitafuta pembeni mwa duara utaona vijia vyembamba vyeupe vya mahali rababendi ilipobana.